Malalamiko: tunalipia huduma za simu ambazo adapta yenu inazizuia

Nyumba ya Wageni,
Chumbageni, Tanga.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOZWA ADA YA KUHAMISHA NA KUELEKEZA SIMU ILHALI HUDUMA HAZIFANYI KAZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mlipotutoa kwenye laini ya waya wa shaba na kutuingiza kwenye faiba, ofisa mauzo wenu alitushauri tusinunue simu mpya. Simu zetu mbili za mezani, moja ya mapokezi na moja ya ofisini kwangu, zingechomekwa kwenye adapta mtakayotupa, yaani kisanduku cha kuunganisha simu za kawaida na faiba, na zingefanya kazi kama zamani, tena kwa nyongeza: kuhamisha simu, kuelekeza simu, simu ya kusubiri na mazungumzo ya watu watatu. Mkataba nao unasema huduma hizo zinatumika kwa "simu yoyote ya kawaida ya mezani". Zina mstari wake kwenye ankara, shilingi 6,000 kila mwezi, na hatujawahi kuchelewa kulipa.

Kupiga na kupokea silalamikii. Sauti haina ile mikwaruzo tuliyokuwa tukiivumilia kila masika. Ninachosema ni kwamba katika hizo huduma nne hakuna hata moja tunayoweza kuitumia ipasavyo, na kila tukiuliza tunajibiwa simu zetu ni za kizamani, tununue za IP, yaani zile zinazochomekwa moja kwa moja kwenye mtandao bila adapta. Jibu hilo si kweli, na fundi wenu mwenyewe ameonyesha kuwa si kweli.

Nianze na kuhamisha simu, maana hii inatuumiza kila siku. Mtu akipiga kuulizia bei ya kundi, dada wa mapokezi anabonyeza kitufe cha R ili aniunganishie. Kitufe hicho hukata laini kwa kitambo kidogo sana na kuirudisha, na mkato huo ndio unaoiambia mitambo itoe mlio wa kupigia namba ya pili. Kwenye simu zetu mkato ni wa milisekunde 100, kijitabu chake kinasema hivyo. Adapta yenu imepangwa isiutambue mkato wowote ulio chini ya milisekunde 300. Kwa hiyo dada anabonyeza R, mteja anasikia "tk", na mazungumzo yanaendelea kama vile hakuna kilichobonyezwa. Akisema agonge kwa kidole pale pa kukatia simu, kidole hakipimi milisekunde: akikawia kidogo tu, adapta inahesabu amekata, na mteja ndiyo ameshaondoka. Siku hizi analaza mkono wa simu mezani, anakuja kuniita ofisini, na mteja anabaki kusikiliza taarabu ya redio ya mapokezi mpaka nifike. Simu ya kusubiri na ile ya watu watatu nazo zinategemea R hiyo hiyo, sina haja ya kuzieleza.

Kuelekeza simu kuna kisa chake. Kijikaratasi chenu kinasema kuweka ni nyota 21 nyota namba reli (*21*namba#), na kuondoa ni reli 21 reli (#21#). Sasa adapta yenu imefundishwa kwamba reli maana yake ni "nimemaliza, piga". Wakati wa kuweka hakuna tatizo, kwa sababu reli inakuja mwisho, namba imeshaandikwa, seva inaipokea. Wakati wa kuondoa, ukibonyeza reli ya kwanza tu adapta inadhani umemaliza kabla hujaandika chochote, inakutolea mlio wa kukataa. Yaani unaweza kuelekeza, kurudisha huwezi. Dada wa mapokezi aliyagundua haya alipoelekeza simu za ofisi kwenye simu yake ya mkononi ili awahi msibani. Mpaka watu wenu walipoiondoa wao wenyewe kwenye seva, simu za nyumba ya wageni zilikuwa zikilia kwake Makorora, usiku wa manane, watu wakiuliza kama chumba cha feni kipo na kama mlinzi anafungua geti kwa anayetoka kumuuguza ndugu yake hospitali ya Bombo.

Lipo na lingine ambalo halimo kwenye kifurushi lakini linatoka kwenye kisanduku hicho hicho. Nikipiga benki nikaambiwa bonyeza 1, nikibonyeza, mashine inarudia maelezo yake toka mwanzo. Sababu, kama nilivyoelezwa, ni kwamba adapta inabana sauti kwa kodeki (njia ya kubana sauti ili isafiri kwa data kidogo) ya G.729, kilobiti 8 kwa sekunde, na inaipitisha milio ya vitufe humo humo ndani ya sauti iliyobanwa. Kodeki hiyo ilitengenezwa kwa sauti ya mtu anayeongea, si kwa milio ya vitufe, kwa hiyo milio inafika imeharibika. Namba yenu ya huduma kwa wateja nayo ni vivyo hivyo. Nikiipiga kwa laini yenu, kupitia adapta yenu, haisikii ninapochagua malalamiko. Huwa nawapigia kwa laini ya kampuni nyingine.

Sasa kuhusu fundi, kijana mstaarabu ambaye nisingependa apate matatizo kwa ajili ya barua hii. Alifungua ukurasa wa mipangilio ya adapta kwenye kompyuta yake, mimi nikiwa nimekaa pembeni. Akashusha kiwango cha chini cha mkato kikawa milisekunde 80. Akarekebisha mpango wa upigaji, yaani kanuni za adapta za kujua namba imekamilika lini, ili namba ikianza na reli adapta isubiri. Akaifanya milio ya vitufe isafiri kama ujumbe wake peke yake nje ya sauti, kwa utaratibu anaouita RFC 2833 (hati iliyochukua nafasi yake, RFC 4733, ni ya mwaka 2006, kwa hiyo si jambo geni kwa wahandisi wenu). Simu zetu hakuzigusa, waya hakubadilisha hata mmoja. R ikafanya kazi, simu ikahamia ofisini kwangu, reli 21 reli ikakubali, benki ikasikia.

Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, adapta ikawaka, ikachukua upya faili la mipangilio kutoka seva yenu, ikafuta kila alichokifanya. Fundi aliporudi alinieleza kwamba faili hilo liko makao makuu, ni moja kwa wateja wote wenye adapta ya aina hii, na yeye hana ruhusa ya kulibadilisha. Sisi nasi neno la siri hatujapewa.

Kwa hiyo hoja ya simu za kizamani naomba isirudiwe tena. Simu za IP mnazotaka tununue haziwezi hata kutumia waya uliomo ukutani, itabidi tuchimbue plasta ya korido nzima ili kukwepa marekebisho ambayo fundi aliyafanya kabla chai yake haijapoa.

Naomba faili la adapta yetu lirekebishwe huko huko kwenye seva, kwa viwango vile vile alivyoweka fundi, ili umeme ukikatika yasipotee. Kama hamwezi kumbadilishia mteja mmoja, basi tupeni neno la siri na muizuie adapta isijiandike upya. Ile 6,000 irudishwe kwa kila mwezi tuliolipa tangu mfunge faiba, ikatwe kwenye ankara ijayo, na isitozwe tena mpaka huduma zifanye kazi. Naomba pia jibu la maandishi, kwani ya mdomoni nimeshayapata ya kutosha. Nimeanza kwenu kama utaratibu unavyotaka. Ankara ijayo ikija na mstari ule ule, nitapeleka barua hii na nakala ya mkataba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Mkimtuma fundi tena, naomba aje baada ya faili la makao makuu kubadilishwa, si kabla. Akifika nitamwomba aizime adapta na kuiwasha mbele yangu, halafu ndipo tujaribu R.

Wako mteja,

Mmiliki, Nyumba ya Wageni, Chumbageni

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA-CCC)