Kabla ya kuchangisha dramu mpya, fungueni kwanza stoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, nalo ni hizi seti za dramu za mitumba, za bei nafuu, ambazo sharika, shule na vikundi vya vijana hapa Moshi huzinunua, huzipiga kwa miaka michache, kisha huzitupa stoo na kuanza kuchangisha fedha za nyingine.

Mwezi uliopita nilisali katika usharika mmoja ambao sitautaja. Wakati wa matangazo mzee wa kanisa alisimama kuomba michango ya dramu mpya za kwaya ya vijana, akaeleza kuwa zilizopo zimekufa. Baada ya ibada niliomba nionyeshwe marehemu. Nilipelekwa stoo, na huko, nyuma ya viti vya plastiki na maua ya bandia yaliyobaki harusini, nikakuta seti ya ngoma tano aina ya Pearl Export: besi ya inchi 22, tomu (ngoma za kati) za inchi 12, 13 na 16, pamoja na sneya, ile ngoma fupi yenye waya chini yake, ya inchi 14. Ngozi za juu zilikuwa zimebonyea katikati kama sahani za pilau, skrubu saba hazikuwapo, na padeli ya besi ilikuwa imefungwa kwa kamba ya manila. Niligonga mbao kwa kifundo cha kidole, ngoma moja baada ya nyingine, na sikukuta mahali palipopasuka wala palipoachana tabaka. Marehemu alikuwa amezimia tu. Kwa ruhusa ya mzee yule nikaipakia seti yote kwenye bajaji nikaenda nayo nyumbani.

Kazi ya kununua na kutengeneza dramu chakavu nimeifanya kwa miaka 11 sasa, nyingi nikizipata sokoni Kiborloni zikiwa zimechanganyika na mitumba mingine, na katika muda wote huo mizinga, yaani miviringo ya mbao ya ngoma zenyewe, niliyoikuta imekufa kweli kweli haizidi mitatu: miwili iliyoliwa na mchwa na mmoja ulioachwa nje masika nzima. Kinachokufa katika dramu ni ngozi. Zamani ngozi za dramu hizi zilikuwa ngozi hasa, za ndama, na zililegea kwa unyevu sawasawa na ngoma zetu ambazo wazee huziotesha moto kabla ya kuzipiga. Kuanzia mwaka 1957 hivi zikaingia sokoni ngozi za plastiki ya poliesta, zisizojali mvua wala jua. Hata hivyo plastiki hiyo nayo ina tabia yake: ikipigwa kwa muda mrefu huvutika, na ikishavutika hairudi. Mpigaji akisikia ngoma inalia kama debe hukaza zaidi, ngozi ikazidi kuvutika, na mwishowe lawama ikaangukia mbao ambazo hazina kosa. Sijaona mwenye bodaboda anayeiuza pikipiki yake kwa sababu tairi limekwisha, lakini dramu nimeona zikiuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu hiyo hiyo.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda katika habari hii ni kwamba dramu mpya ya bei ya chini mara nyingi huja na mizinga ya popla, ambao ni mti laini, ngozi nyembamba za kiwandani ambazo mpigaji mwenye sikio huzibadilisha mapema, na matoazi yanayolia kama mfuniko wa sufuria. Seti kama hiyo ya Export, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1982 kwa ajili ya watu wasio na fedha nyingi, ikishughulikiwa vizuri huiacha mbali.

Mahali pa kuanzia, ngozi zikishatolewa, ni mdomo wa mzinga, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu ndipo wengi wanapoparuka bila kupatazama. Mdomo huo huchongwa kwa mshazari, mara nyingi wa nyuzi 45, ili ngozi iguse mbao kwenye mstari mwembamba tu. Ukigongwa safarini au ukivimba kwa unyevu, mstari huo hupotea, na ngozi iwayo yote utakayoiwamba juu yake haitatulia sauti. Kuupima hakuhitaji chombo kutoka ng'ambo. Mimi nina kipande cha kioo cha milimita 6 nilichokatiwa na fundi vioo. Nakilaza mezani, nasimamisha mzinga juu yake, natumbukiza simu yenye tochi ndani, nafunika juu kwa blanketi, kisha nafunga madirisha. Palipo sawa hubaki giza, na penye kasoro mwanga huchungulia kwa chini kama kwenye kizingiti cha mlango alfajiri. Tomu ya inchi 13 ya usharika ule ilivujisha mwanga mahali pawili, kila mahali pakiwa na upana wa vidole vitatu. Nilibandika msasa namba 150 juu ya kioo, nikauzungusha mzinga kwa mikono miwili bila kuukandamiza, nikiugeuza robo kila baada ya muda ili mkono wangu wa kulia, ambao una nguvu kuliko wa kushoto, usile upande mmoja. Mwanga ulipokwisha nikaurudisha mshazari wa ndani kwa tupa laini, nikapitisha kipande cha mshumaa mdomo mzima ili ngozi iteleze na kukaa. Kazi yote ilichukua saa moja na dakika chache. Pale ambapo mdomo umeliwa sana, seremala mwenye mashine ya ruta anaweza kuukata upya, ila asiachwe peke yake, kwani wengi wamezoea mbao zilizonyooka na mzinga uliokatwa kupita kiasi haurudishiki.

Balaa la pili ni skrubu za kukazia ngozi. Katika dramu nyingi skrubu hizo zina kipenyo cha milimita 5.5 hivi na meno 24 kwa kila inchi, isipokuwa baadhi ya dramu za Kijerumani ambazo hutumia za milimita 6. Skrubu tunazouziwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni hizo za milimita 6 zenye meno ya kipimo kingine. Ya namna hiyo ukiitia mahali pa ile ya awali itaingia mizunguko miwili, itagoma, na fundi mwenye haraka ataongeza nguvu ya spana mpaka nati iliyomo ndani ikwanguke meno yote. Nati tatu kati ya nilizozikuta katika seti ile ziliuawa hivyo, na aliyeziua nina hakika alidhani anasaidia.

Sneya nayo ilikuwa na kisa chake. Kwaya ililalamika kuwa haitoi mlio wake mkali, inapiga bubu kama tomu. Nilipoigeuza nikakuta ngozi ya chini, ambayo kwa kawaida unene wake haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita, ilishachanika na mtu akaweka badala yake ngozi ya juu, yenye robo milimita. Zile waya 20 zinazolala chini ya sneya haziwezi kutikiswa na ngozi nene kiasi hicho. Ni kama kumtaka mtu acheze akiwa amevaa koti la mvua. Hakuna aliyeeleza kosa hilo kwa sababu hakuna aliyejua kuwa ngozi ya juu na ya chini ni vitu viwili tofauti.

Mengine ni madogo. Kutu ya ringi, yaani pete za chuma zinazobana ngozi, na ya stendi huondoka kwa foili ya jikoni iliyoloweshwa maji, ambayo haikwaruzi kromu. Springi zinazong'ong'a ndani ya vishikizo vya skrubu hunyamazishwa kwa pamba. Mahali pa vile visahani vya sufi na mirija ya plastiki vinavyolinda tundu la toazi lisisagwe na chuma cha stendi, mimi hutumia kandambili iliyochakaa, niliyoikata miduara, na kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki, na hadi leo hakuna toazi lililonirudia likilalamika. Katika kukaza, skrubu zote zikazwe kwanza kwa vidole, kisha kwa ufunguo nusu mzunguko mmoja mmoja, ukivuka kutoka upande huu kwenda wa pili unaoelekeana nao, si kwa kufuatana kama anayefunga mkanda.

Kwa kamati zinazouliza fedha kidogo zilizopo zianzie wapi, jibu langu ni ngozi za juu, kisha ngozi na waya za chini ya sneya, kisha padeli, kwa sababu padeli inayokwama humfundisha kijana mguu mbaya ambao baadaye ni kazi kuuondoa. Matoazi yaje mwisho, nayo yasinunuliwe kwa seti. Yale ya bei ya chini ni ya shaba iliyochanganywa na zinki, na hakuna ufundi utakaoyapa sauti ambayo hayakuzaliwa nayo. Mazuri ni ya shaba iliyochanganywa na bati, haya madini yanayochimbwa Kyerwa kule Kagera. Ya daraja la juu huwa na asilimia 80 ya shaba na 20 ya bati, na ya kati asilimia 92 kwa 8. Ni afadhali kununua jozi moja iliyotumika ya haihati (matoazi mawili yanayogonganishwa kwa mguu) za namna hiyo na kuvumilia mengine kuliko kununua manne mapya ya zinki, kwani haihati ndiyo inayosikika kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Toazi lenye ufa lisipelekwe kwa fundi wa kuchomelea. Shule moja ya hapa mjini ililipeleka toazi lake la inchi 20, na moto wa kuchomelea ukaua sauti ya eneo zima, kiasi kwamba upande mmoja lililia na upande wa pili lilikohoa. Ufa mdogo wa ukingoni hutobolewa tundu dogo pale unapoishia ili usiendelee, au ukakatwa wote na kingo zikalainishwa kwa tupa, basi.

Sasa nije kwenye malalamiko yangu, Ndugu Mhariri. Maduka ya vyombo vya muziki yapo, Moshi na Arusha, na mengine yana bidhaa nzuri, lakini ukiingia kuuliza ngozi ya inchi 13 au 16 utajibiwa kuwa hawauzi ngozi, wanauza dramu. Duka moja liliniahidi ngozi ya chini ya sneya, nikalipa nusu ya bei, nikasubiri miezi miwili, nikaletewa ya inchi 13 wakati nimeandika 14 kwa herufi kubwa, na muuzaji akanishauri niivute. Wafanyabiashara watazame hesabu yao wenyewe: mteja wa seti huja mara moja kwa miaka mingi, mteja wa ngozi hurudi kila anapopiga. Kadhalika wauzaji wa mitumba waache kuzitenganisha seti kwa kuuza stendi na ringi kama vyuma, kwa kuwa ngoma isiyo na ringi zake haina mnunuzi, na kilo chache za chuma hazilipi hasara hiyo.

Kuna pia kazi ambayo ingeweza kufanyika hapa hapa. Skrubu yenye meno 24 kwa inchi si ajabu kwa mtu mwenye mashine ya kukereza vyuma, na mashine hizo pamoja na vijana wanaozijua zipo katika karakana zetu za SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Ninachoomba ni walimu wa karakana hizo wakubali kupokea sampuli na kuwapa wanafunzi kama zoezi, kwani zoezi lenye mnunuzi ni bora kuliko kukereza kipande cha chuma kitakachoishia kwenye pipa la taka. Nati za ndani, zile zilizokwanguka, ni rahisi zaidi kuliko hata skrubu.

Seti ya usharika niliyoieleza imerudi kanisani na vijana wanaipiga, isipokuwa tomu ya inchi 13, ambayo mdomo wake sasa hauvujishi mwanga lakini ringi yake ya chini imepinda kiasi cha kutonyoosheka. Natafuta ringi ya chuma ya inchi 13 yenye matundu sita, iwe na kutu au isiwe nayo. Naamini iko katika stoo ya kanisa au shule fulani kati ya hapa na Arusha, pengine imetundikwa msumarini na hakuna anayejua ni ya nini. Aliye nayo anaweza kuifikisha Kiborloni kwa wauza vyombo vya muziki vya mitumba na kusema ni ya fundi dramu wa Pasua. Nitailipia, au nitambadilishia kwa ringi mbili za inchi 12 nilizonazo.

Wako mwaminifu,
Fundi dramu,
Pasua, Moshi.