Mume wangu atolewe bandama, au tusubiri?

Daktari, salaam. Nyumbani tumeshindwa kukubaliana, nami nimechoka kubishana.

Mume wangu ana upungufu wa damu unaoletwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Chembe nyekundu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi, kwake zinavunjwa upesi kuliko uboho, unaozitengeneza ndani ya mifupa, unavyoziba pengo. Ilianza kwa macho ya njano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Kila mtu akasema ini.

Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ilimpandishia damu haraka. Tatizo, kila dozi ikipunguzwa, damu inashuka tena. Sasa sukari imepanda, uso umevimba, usingizi hana, na hasira zake (hili hakuna aliyetutahadharisha) zinatuumiza wote. Juu ya hayo, ultrasaundi imeonyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, na tumeambiwa vimetokana na huko kuvunjika kwa chembe.

Daktari wake ametupa njia mbili: dripu za rituksimabu (dawa nyingine ya kutuliza kinga), au kutoa bandama, maana humo ndimo chembe nyingi zinamoharibiwa. Shemeji yangu anataka upasuaji, "tumalize". Mimi siamini kuna kumaliza. Wapo wanaokaa miaka bila dawa baada ya upasuaji, na wapo ambao ugonjwa huwarudia. Tena asiye na bandama anaweza kuzidiwa na bakteria ndani ya saa chache, kwa hiyo kila homa ni ya kukimbilia hospitali, maisha yake yote. Na damu kuganda kwenye mishipa, hatari ambayo ugonjwa huu unayo tayari, nasikia upasuaji huo huiongeza.

Mgonjwa mwenyewe hasemi kitu. Akibanwa anajibu, "Amueni nyie."

Naomba unijibu haya. Je, kuanza na rituksimabu ni busara, ilhali nayo inashusha kinga? Nimeelezwa kwamba baada yake chanjo hazishiki vizuri. Basi si afadhali achanjwe nimonia na uti wa mgongo sasa, hata kabla hatujaamua? Tukichagua upasuaji, mfuko wa nyongo nao utolewe siku hiyohiyo? Na nizungumze naye vipi ili uamuzi uwe wake, si wa kaka yake wala wangu?

Mke mwenye wasiwasi