Benki zisishushe kikomo cha kadi kimyakimya

Mhariri,

Wateja wengi hapa jijini hudhani kwamba anayelipa deni la kadi ya mkopo kwa wakati hana la kuhofia kuhusu alama zake za mikopo, yaani kipimo cha jinsi anavyoaminika kulipa madeni. Sivyo. Nchini Marekani, kiasi unachodaiwa, hasa kikilinganishwa na kikomo ulichopewa, huchangia takribani asilimia 30 ya alama za FICO, alama za mikopo zinazotumiwa sana huko, zinazoanzia 300 hadi 850. Mwenye kikomo cha Sh100,000 anayedaiwa Sh30,000 ametumia asilimia 30. Benki ikishusha kikomo hicho hadi Sh50,000, ghafla anaonekana ametumia asilimia 60, ilhali hajaongeza hata ndururu kwenye deni lake.

Mashirika yetu ya CRB, yanayotunza kumbukumbu za mikopo ya wateja, yana kanuni zake, nami sidai kwamba yanawaiga Wamarekani. Hata hivyo, benki yangu ilipopunguza kikomo changu, niliarifiwa kwa ujumbe wa simu baada ya jambo kutendeka, na karani niliyemfuata dirishani akanijibu, kwa upole nakiri, kwamba "mfumo umeamua". Benki Kuu iyalazimishe mabenki kutoa notisi na sababu mapema, ili mteja apate nafasi ya kupunguza deni kwanza.

Mteja wa benki,
Nairobi