Wenye tovuti, punguzeni picha

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie neno wanaotengeneza tovuti za biashara hapa Dodoma. Mimi ni mpiga picha, studio yangu iko Majengo. Mteja wangu, mkulima wa zabibu wa Hombolo, analalamika kuwa picha za shamba lake hazifunguki kwenye simu. Nimeikagua tovuti: zimewekwa zile zile nilizompa za kuchapa, pikseli (vidoti vinavyounda picha) 6000 kwa 4000, megabaiti 9 kila moja! Aliyezipandisha amepunguza upana wa kuonekana tu. Faili halikuguswa, kwa hiyo simu inalipakua lote ndipo ilioneshe dogo, na bando ndiyo hiyo imekwenda.

Kwa simu, upana wa pikseli 1200 unatosha na kubaki. Hifadhi kwa JPEG, aina ya faili inayobana picha, ubora wa 80 hivi kati ya 100, faili litashuka hadi kilobaiti mia kadhaa. Majani ya mzabibu hayabanwi kirahisi kama anga tupu, hivyo litazidi kidogo, si neno.

Upana ukipungua, urefu ufuate kwa uwiano. Mzee wa watu kabanwa mpaka anafanana na mlingoti. Tena punguzeni nakala, picha asili iachwe ilivyo, maana pikseli zikishatupwa hazirudi.

Mpiga picha,
Majengo, Dodoma