Filamu ya Little Miss Sunshine haikumtweza mzee wala mtoto

Mhariri,

Nimeisoma kwa makini barua ya msomaji mwenzangu iliyochapishwa katika ukurasa huu, akilalamika kwamba vijana wa mtaa wetu waliandaa jioni ya filamu kwa ajili ya familia, wakaonyesha Little Miss Sunshine, na akahitimisha kuwa filamu hiyo inamtweza mzee, inamharibu mtoto na kuifanya maiti kuwa kichekesho. Malalamiko yake kuhusu watoto waliokuwapo naungana nayo bila kusita. Hukumu yake juu ya filamu yenyewe siikubali, na naomba nafasi nieleze sababu.

Kuhusu watoto, waandaaji walikosea. Bango la filamu hiyo ni la manjano, lina gari la manjano na familia inayolikimbilia, na mtu akilitazama haraka atadhani ni burudani ya watoto wa chekechea. Lakini huko Marekani ilikotengenezwa iliwekwa katika daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia bila mzazi au mlezi. Babu wa familia hiyo anatumia heroini na mdomo wake hauna lijamu. Hilo lilipaswa kujulikana kabla mikeka haijatandikwa.

Sasa filamu yenyewe. Familia ya Hoover inasafiri kutoka Albuquerque hadi Redondo Beach, California, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200, ambao ni kama kwenda Nairobi na kurudi Mombasa na kusaza, ili binti yao mdogo, Olive, awahi mashindano ya urembo ya watoto. Nauli ya ndege hawana. Mjomba ametoka hospitalini baada ya kujaribu kujiua na hawezi kuachwa peke yake, kaka wa Olive ameapa kutosema neno hadi atimize ndoto yake ya kuwa rubani, na baba anauza mafunzo ya ushindi ambayo hakuna anayeyanunua. Chombo pekee kinachowatosha wote ni kombi kuukuu la Volkswagen, na hawajafika mbali klachi inakufa. Makanika anawaambia kipuri hakitapatikana upesi, lakini gia mbili za juu hazihitaji klachi, hivyo gari likisukumwa hadi likashika kasi litaondoka. Kuanzia hapo kila wanaposimama lazima washuke wote, wasukume, kisha warukie mlangoni mmoja baada ya mwingine huku kombi likizidi kwenda. Watu waliokuwa hawasemezani mezani wanalazimika kunyoosheana mikono. Baadaye honi nayo inakwama na kulia yenyewe njiani, na mlango unang'oka. Aliyewahi kushuka kwenye matatu bovu kusukuma pamoja na abiria wenzake anaijua hali hiyo, na ndiyo maana ukumbi ulicheka sana pale.

Iliyonigusa zaidi ni sehemu ambayo haina mzaha hata kidogo. Yule kaka anagundua ndani ya gari kwamba macho yake hayatofautishi rangi, kwa hiyo urubani umekwisha. Anashuka akipiga kelele, anakaa kwenye nyasi chini ya barabara, mama anambembeleza na yeye anakataa. Olive anatumwa. Anateremka, anachuchumaa karibu naye, anamwekea mkono begani na kichwa juu yake, wala hasemi kitu. Baada ya kitambo kijana anakubali kurudi, na walipofika penye mwinuko anambeba dada yake asiteleze. Filamu inayoweza kukaa kimya namna hiyo katikati ya vichekesho haikutengenezwa na watu wanaoichezea familia.

Msomaji mwenzangu aliandika kwamba filamu hii ilipendwa na Wamarekani kwa sababu wao hawajali wazee. Historia ya mapokezi yake inasema mengine. Michael Arndt aliandika hadithi hiyo miaka kadhaa kabla haijapata fedha za kutosha, na wakurugenzi wake, mume na mke Jonathan Dayton na Valerie Faris, hawakuwa wametengeneza filamu ndefu ya kubuni kabla ya hiyo. Iligharimu dola milioni 8 hivi. Ilipoonyeshwa katika tamasha la Sundance mnamo Januari 2006 watazamaji walisimama kuishangilia, kampuni ya filamu ya Fox Searchlight ikainunua kwa zaidi ya dola milioni 10, na baada ya kuanza katika majumba machache tu ya sinema, sifa zake zikaenea kwa mdomo wa watu hadi ikaingiza takriban dola milioni 100 duniani. Mwaka uleule ilitoka RV, filamu nyingine ya familia na safari ya gari, iliyoongozwa na Barry Sonnenfeld na kuigizwa na Robin Williams, ambayo iligharimu mara kadhaa zaidi, ikapata watazamaji wa kutosha, lakini wahakiki wengi wakaipuuza. Katika tuzo za Oscar za Februari 2007 Little Miss Sunshine ilishinda mbili, moja ya Arndt kwa mswada na moja ya Alan Arkin aliyemwigiza babu, tena ikawa miongoni mwa zilizoshindania tuzo ya filamu bora, nafasi ambayo vichekesho ni nadra kuipata.

Wapo wahakiki waliosema kwamba matatizo ya familia hiyo yamepangwa kupita kiasi, kila mtu na kasoro yake ya kuchekesha. Naona wana hoja, kwa kuwa mama peke yake ndiye anayefanana na mtu unayeweza kukutana naye sokoni, na wasimamizi wa mashindano wametiwa chumvi sana. Lakini hawakusema inamdharau mzee, na Arkin hakupewa tuzo kwa kufanywa kituko. Usiku mmoja Olive analia kitandani kwa kuogopa kushindwa, na babu anamweleza kwamba aliyeshindwa kweli ni yule anayeogopa kushindwa hata asijaribu. Mchana wa siku hiyo, mwanawe, yaani baba yake Olive, alipopata habari kwamba kitabu alichokiandika hakitachapishwa, babu alimshika bega akamwambia kuwa anajivunia kwa sababu amejaribu. Usiku huohuo mzee anafariki. Mambo mawili ya mwisho aliyoyafanya ni kumtuliza mwana na kumtuliza mjukuu, na hayo wakosoaji wa mtaani kwetu hawakuyataja kabisa.

Linalobaki ni suala la maiti, nami nalichukulia kwa uzito kwa sababu kwetu Waislamu wa pwani maiti huharakishwa, huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa, na kuichelewesha kwa sababu ya shindano ni jambo zito. Katika filamu, hospitali inawaambia hawawezi kuondoka na mwili bila karatasi, na kuuvusha mpaka wa jimbo kunahitaji kibali. Mtoto wa marehemu anaamua kumtoa baba yake kupitia dirishani, amefungwa shuka. Ni kosa. Hata hivyo tazama kicheko kinaelekezwa kwa nani: kwa ofisa anayewasomea orodha ya fomu watu ambao machozi hayajawakauka, na kwa wafiwa wenyewe waliochanganyikiwa. Majirani zetu wa bara waliowahi kusafirisha maiti kutoka Mombasa hadi nyumbani wanaijua ile meza na karatasi zake. Marehemu hachekwi hata mara moja, na walipofika Redondo Beach alikabidhiwa kwa watu wa mazishi.

Mwenye kutaka kuona mzee akitwezwa na alinganishe na National Lampoon's Vacation ya 1983, iliyoongozwa na Harold Ramis. Humo pia familia iko safarini kwenda California na mzee anafariki garini. Shangazi huyo anafungwa juu ya paa pamoja na mizigo, kisha anaachwa nyumbani kwa mwanawe kwenye mvua, na mtazamaji anatakiwa afurahi kwamba mwanamke msumbufu ameondoka. Filamu hiyo nayo ilipendwa sana. Kama msomaji mwenzangu angeandika dhidi ya sehemu hiyo, ningetia sahihi barua yake.

Kuhusu dansi ya Olive jukwaani, ambayo ndiyo iliyowafanya baadhi ya kina mama wasimame na kuondoka, nakiri kwamba babu alimfundisha mjukuu wake miondoko isiyomfaa mtoto, na simtetei. Lakini kabla ya hapo tumeoneshwa mabinti wadogo waliopakwa vipodozi, wakabandikwa nywele na kuvishwa mavazi ya kuogelea, wakitembea kama wanawake wazima mbele ya majaji, na ukumbi mzima unapiga makofi. Olive anacheza bila kujua maana ya anachokifanya, na ndipo watu walewale wanaghadhibika. Baba anaagizwa amshushe. Anapanda jukwaani, anamtazama mwanawe anayejifurahisha, kisha anaanza kucheza naye, na wengine wanamfuata ili aibu isimwangukie mtoto peke yake. Sisi tunaowapamba watoto wetu wa kike kwa maonyesho na kuwarekodi kwa simu tulihitaji kuitazama sehemu hiyo hadi mwisho.

Nawaomba vijana waandaaji waionyeshe tena, safari hii kwa watu wazima peke yao, baada ya kutangaza wazi umri unaoruhusiwa, na wamwalike msomaji mwenzangu azungumze baada yake. Mimi nitakuja kumsikiliza na kumjibu. Nawe, Mhariri, nakuomba ukurasa wako wa burudani uwe ukitaja daraja la umri la kila filamu inayoandikwa humo, ili wazazi wasitegemee rangi ya bango.

Mzazi na mpenzi wa filamu,
Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa