Mtoto ajue kujitaja kabla ya sikukuu

Wanangu, baba na mama wa Unguja na Pemba, nanyi walimu wa vyuo vya Kurani,

Assalamu alaykum. Sikukuu ikiingia, watoto hujaa viwanjani Mnazi Mmoja na Kariakoo, na kule Chake Chake hujaa Tibirinzi. Mtoto hupotea muda ule ule mama anaolipia urojo. Anayemwokota humuuliza: mama yako nani? "Mama." Na baba? "Baba." Mnakaa wapi? "Nyumbani." Mtoto hajakosea. Ndivyo tulivyomfunza.

Akiwa na miaka mitatu, ajue jina lake na la baba yake, lile la kweli. Wengi tunawaita kwa laqabu tangu uchanga, hata wakadhani ndilo jina. Minne, ajue la mama na aweze kulipaza. Darajani mtoto akilia "Mama!" hugeuka wanawake kumi, lakini akitaja jina hugeuka mmoja. Wapo watakaoona huo ni utovu wa adabu. Mwambieni mtoto wazi kwamba akipotea ana ruhusa.

Nambari ya simu ianze miaka mitano, na hapa ndipo pa kutulia. Zimo tarakimu kumi. Zikateni nne, kisha mbili, mbili na mbili. Fungu moja kwa siku mbili, la pili lisiongezwe mpaka la kwanza liwe limekaa. Ustadhi naye hampi mtoto sura nzima kwa asubuhi moja, na aliyehifadhi Alhamdu, aya saba, hashindwi na tarakimu kumi. Chagueni "sifuri" au "ziro" nyumba nzima, msichanganye. Mkimfundisha kwa kuimba, jueni kwamba wimbo hutoka mwanzoni tu: mkatizeni katikati, muulizeni akiwa mchezoni, aulizwe na shangazi asiyemzoea sana. Akishaisema, aibonyeze mwenyewe kwenye kitochi, tarakimu moja moja. Mtoto aliyezoea kugusa picha ya mama kwenye simu ya nyumbani haijui nambari hata kidogo. Afunzwe na ya pili, ya bibi au ya mjomba, kwani ya kwanza huenda imezimwa.

Aliye mdogo zaidi, mwandikieni nambari kwa kalamu upande wa ndani wa nguo. Jina msiliandike nje ya mkoba: mtu mbaya akilisoma humwita kwalo, na mtoto huamini anayemjua jina.

Kwetu nyumba nyingi hazina nambari. Basi afunzwe mtaa, jina la sheha, na kitu kimoja kisichohama: msikiti kwa jina lake, au skuli. "Karibu na duka la bluu" haisaidii duka likipakwa rangi nyingine.

Akipotea, asimame pale pale, kwa sababu nyinyi mtarudi mlipomwacha. Wawili wakitembea hupishana. Akiona hamji, amwendee askari, muuzaji aliye kwenye meza yake, au mama mwenye watoto. Asimfuate mtu nje ya kiwanja hata akiambiwa "mama yako yuko kule".

Kwa kumchukua chuoni, wekeni neno moja la nyumbani. Asiyelijua, hata akiwa jirani, mtoto haondoki naye. Mwalimu nawe usimwachie. Likishatumika mara moja, libadilisheni.

Sasa neno zito. Tunawafunza watoto kutii kila mkubwa, na heshima ni pambo letu, lakini anayewadhuru mara nyingi ni mtu wanayemjua. Mtoto ajue viungo vyake vya siri kwa majina ya wazi, na ajue kwamba hakuna mtu mzima wa kumwambia "usimwambie mama". Zawadi ya sikukuu hufichwa mpaka siku yake. Siri isiyo na siku ya kufunguliwa asiikubali. Akija na habari, msimkaripie wala msimhoji mara kumi, na msiyamalize kwa suluhu ya ukoo. Pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo.

Ya jikoni nayataja kwa ufupi. Seredani isiwekwe njiani mtoto anapopita. Mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya maji. Akiyanywa msimtapishe, yataingia mapafuni, mpelekeni hospitali. Akiungua, maji safi ya baridi yatiririke kwa dakika 20, bila dawa ya meno.

Usiku wa kuamkia sikukuu, mkimvalisha nguo mpya kuzijaribu, muulizeni yote tena. Na mkibadilisha laini, anzeni naye upya siku hiyo hiyo.