Vitamutamu vya Idi kutoka Üsküdar

Üsküdar, Istanbul
Kumi la mwisho la Ramadhani

Mpenzi shoga yangu Rukia,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa mumeo na kwa mama, nakujulisha kwamba barua yako imenifikia salama, na lile swali la vitamutamu gani vya Kituruki uwapikie wageni wa Idi hapo Mombasa nimelitia maanani kuliko yote mengine uliyoniandikia. Najua moyo wako uko kwenye baklava, ile ya tabaka nyembamba za unga na njugu zilizonyweshwa shira. Nami nakushauri uiache, angalau mwaka huu, upike şekerpare, vijibiskuti laini vya siagi vinavyomwagiwa shira.

Baklava ya nyumbani haitaki mikono miwili tu. Huku majirani hukusanyika jiko moja kabla ya sikukuu, wakakanda unga kwa mayai, maziwa, mafuta na siki kidogo, kisha wakaukata madonge madogo. Kila donge husukumwa likafikia upana wa kisahani na kunyunyiziwa wanga, na madonge kama kumi yakishapangwa moja juu ya jingine, husukumwa yote kwa pamoja kwa oklava, kijiti chembamba na kirefu kuliko hicho chetu cha chapati, hadi ukiinua tabaka moja uuone mkono wako upande wa pili. Mara tu mazungumzo hugeuka kuwa mabishano ya njugu. Wenye asili ya Gaziantep, mji ambao baklava yake ilisajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2013 kuwa bidhaa inayolindwa kwa jina la mahali ilikotoka, hawataki kusikia kingine ila pistachio. Wengine hutia jozi, na mimi niko upande wao, kwa ladha na kwa mfuko pia. Wala usishawishike kutumia manda za sambusa, maana ni nene mno na zimekwisha kupitishwa motoni, kwa hiyo utapata kitu kigumu kisichonywa shira.

Şekerpare haina masharti hayo. Chukua gramu 250 za siagi iliyolainika, uichanganye na kikombe 1 cha sukari ya unga, kisha utie mayai 2, ila kiini kimoja ukiweke kando. Ongeza nusu kikombe cha semolina na vijiko 2 vya chai vya beking pauda, halafu unga wa ngano kidogo kidogo, vikombe 3 au zaidi ya hapo kidogo, mpaka donge liache kushika vidole. Usiukande sana kama wa chapati, kwani utakuwa mgumu. Fanya viduara vya kiasi cha ndimu ndogo, uvibane kidogo kwa kiganja, uvipake kile kiini, na katikati ya kila kimoja udidimize njugu moja. Oka kwa nyuzi 180 kwa muda wa nusu saa hivi, hadi juu pawe na rangi ya dhahabu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kazi yote iko kwenye shira. Ichemshe mapema, vikombe 3 vya sukari kwa 3 vya maji, na inapokaribia kuiva kamulia ndimu kidogo, kwani ukali wake ndio unaoizuia sukari isigande tena kuwa chembechembe. Iache ipoe kabisa. Sinia likitoka tanurini bado linafoka mvuke, imwagie shira hiyo baridi, nawe utasikia inavyonong'ona inapoingia. Vyote viwili vikiwa vya moto, şekerpare hulegea na kumomonyoka. Vyote vikiwa baridi, shira hubaki chini ya sinia. Usifunike mpaka vipoe, na ukivilaza hadi asubuhi vitakuwa vitamu zaidi.

Lokum usijisumbue nayo. Ni sukari na wanga vinavyokorogwa motoni kwa muda mrefu bila kupumzika, kama halua yetu isiyo na samli, na huku watu wengi huinunua tu, hasa katika duka la Hacı Bekir, lililoanzishwa mwaka 1777. Siku ya Idi huwekwa kwenye kibakuli karibu na mlango, kwa ajili ya watoto wanaokuja kuwabusu wazee mkono na kuugusisha kwenye paji la uso. Zamani hata askari wa Sultani walikuwa na fungu lao: katikati ya Ramadhani Majanisari walikabidhiwa masinia ya baklava katika kasri la Topkapı, sinia moja kwa watu kumi, wakayabeba kwa maandamano hadi kambini.

Njugu za juu nimekutumia kifurushi kwa mkono wa msafiri atakayefika huko kabla ya mwezi kuandama. Ni fındık, yaani hazelnut, za pwani ya Bahari Nyeusi, na zimekwisha kukaangwa. Akichelewa, weka lozi, au hata korosho nzima, kisha uniandikie wageni wamesema nini.

Wako akupendaye,
Salma